Adabu Iliyozima Dizeli

Mimi ni mtu wa betri, na kama kuna kitu mtu wa betri hakipendi ni kusingiziwa. Jenereta ikikohoa, betri. Taa ikipepesa, betri. Mpishi wa kantini akiunguza wali, nadhani iko siku watakuja kuzikagua betri zangu. Kwa hiyo nikikusimulia habari za Heybat halafu nikapandisha sauti, univumilie. Mwaka ule nilisimangwa mimi, Darvish, kumbe mchawi wetu alikuwa uchumba wa binti yake.

Heybat ni fundi wa dizeli katika kituo cha nyuklia cha Bandar Nakhlu, hapa kwetu pwani ya kusini. Mfupi, kifua kama pipa, masharubu yamegeuka rangi kwa moshi na chai. Baba yake alikuwa akitengeneza pampu za visima kwenye mashamba ya mitende kule Dashti, na Heybat alijua kutukana kabla hajajua kusoma, kwa sababu injini za visima hazikuwa zikisikia lugha nyingine. Alipokuja kuajiriwa kituoni alikuja na sanduku la spana na lugha hiyohiyo. Spana zilibadilishwa. Lugha ilibaki.

Watu wakisikia nyuklia hudhani sote tunashinda tukikodolea kinu macho. Wapi! Sisi wa jumba la dizeli kinu tunakiona kwa mbali, kama mtu anavyouona mnara wa msikiti wa mtaa wa pili. Kazi yetu ni kusubiri. Umeme wa gridi ukikatika, kinu kinajizima chenyewe, sawa, lakini joto lake halizimiki. Ni tanuri la mkate lile: unatoa moto na bado linaunguza mkono. Pampu za maji lazima ziendelee kuzunguka, na wa kuzizungusha ni jenereta zetu, ambazo zinatakiwa ziamke zenyewe kabla hujamaliza kusoma Kulhuwallahu. Katika kile kitambo kati ya gridi kufa na dizeli kuamka, kinachoshikilia taa na akili za mitambo yote ni betri zangu. Sisemi zaidi, nisije nikaonekana najisifu.

Jenereta za jumba letu ni mbili. Moja tuliiita Mwabadani, kwa makelele na majivuno yake. Ya pili ni Mshirazi, kwa sababu kuamka kwake lazima ibembelezwe. Watu wa Abadani na Shiraz wakinuna, shauri yao, nao wanatusema sisi vilevile.

Mwenzake Heybat katika zamu alikuwa Alamdar, mrefu, mwembamba, na suruali ya kazi haijawahi kumfikia kwenye vifundo. Utaratibu wa jumba ulikuwa huu: mmoja anatenda, mwingine anahakiki. Anayetenda akimaliza kazi anarudisha kila valvu na kila swichi mahali pake. Anayehakiki anapita nyuma yake, anashika kila kitu kwa mkono wake mwenyewe, kana kwamba mwenzake ni kipofu, tena kipofu mwongo. Akikuta kosa hasahihishi kimyakimya. Anamwita mwenzake, anamwonyesha, na wote wawili wanaanza upya tangu mwanzo.

Na walivyokuwa wakiitana hao!

"Alamdar! Valvu hii uliifunga kwa mkono au kwa mguu?"

"Kwa mguu, ili ilingane na kazi yako ya jana, tende bovu we!"

"Punda!"

"Punda ni aliyekuajiri!"

Basi dizeli zikawaka. Kila jaribio, miaka nenda miaka rudi, ziliwaka. Wakimaliza wanakaa chini, wanakunywa chai kwenye birika moja, kipande cha sukari mdomoni, na Heybat anamgawia Alamdar nusu ya mkate wake bila hata kumtazama. Sijapata kuona watu wawili wanaopendana kama wale.

Sasa Heybat ana binti, Nargol, mwalimu wa kemia, mwenye akili za mama yake na ulimi wa baba yake. Na Alamdar ana mtoto wa kiume, Behruz, mwendesha kreni bandarini. Hao watoto walipendana, na nani angekataa? Mji mzima ulisema jambo limekaa vizuri. Siku ya kwanza ya kuja kuposa, sebule ya Heybat imejaa mashangazi wa pande zote mbili, Alamdar akamwaga chai kidogo kwenye kisahani, na Heybat, kwa mazoea tu, maskini, akasema:

"Mimina taratibu, punda we."

Mashangazi wakageuziana macho. Mama Behruz, mke wa Alamdar, ni mwanamke anayeweza kugandisha maziwa kwa jicho. Akasimama, akavuta baibui lake.

"Tumekuja kuposa," akasema. "Hatukuja zizini."

Wakaondoka wote, na mashangazi zao nyuma. Ilichukua kipupwe kizima kumrudisha yule mama: wazee wakatumwa, imamu wa msikiti akatumwa, masinia ya tende zilizojazwa kokwa za jozi yakaenda na kurudi. Nargol alikonda. Alipokubaliwa mara ya pili, alimwita baba yake uani, akamkalisha kwenye kigoda.

"Baba, niapie."

"Nakuapia, mwanangu."

"Kwa nani?"

"Kwa kaburi la mama yangu."

"Neno kali hata moja usimwambie baba yake Behruz, mpaka nitoke mlango huu nikiwa mke wa mtu. Hata akikumwagia chai kwenye suruali, sema ahsante. Yule mama akiondoka tena harudi, na mimi simtaki mwingine. Unanisikia, baba? Simtaki mwingine."

Heybat aliniambia haya mwenyewe, na macho yake yalikuwa mekundu. Akaapa. Na hapo ndipo balaa la dizeli lilipoanza.

Kwetu adabu ina kazi yake. Nakukaribisha, unakataa. Nakubembeleza, unakataa tena. Mwisho mmoja anakubali kwa aibu. Kwa mgeni ni adabu, kwa mkwe ni ibada. Basi wale mabwana wawili waliokuwa wakiingia jumbani kwa kusukumana mabega, sasa wakawa wanafika mlangoni na kusimama.

"Tafadhali, mkwe wangu, tangulia."

"Haiwezekani. Wewe mbele."

"Kwa roho ya Behruz, huwezi kuingia nyuma yangu."

"Kwa roho ya Nargol, nikitangulia mguu wangu ukatike."

Na mimi nyuma yao, nimebeba ndoo ya maji ya betri, mkono unataka kung'oka. Wallahi siku moja nilipita katikati yao kwa kutumia kiwiko, wakaniambia sina malezi.

Kama ingeishia mlangoni, sawa. Lakini kazi ya mwisho katika kila matengenezo, kufungua valvu ya hewa inayoamsha injini, wakaifanya kuwa heshima, kama kukata utepe. Heybat akaiacha ili Alamdar apate heshima hiyo. Alamdar akaiacha ili aipate Heybat. Kuhakiki je? "Nikague kazi ya mkwe wangu?" Heybat aliniambia, kashika moyo. "Nimwone mwizi? Astaghfirullah!" Siku ya jaribio kitufe kikabonyezwa, na Mwabadani, yule mwenye makelele, akanyamaza kama maiti. Hewa ilikuwa imefungwa.

Waliangalia nini kwanza? Betri zangu. Nilizitoa zote, moja moja, kwenye joto lile la kutokwa jasho hadi kwenye nyusi, nikazipima, zikawa safi, nikazirudisha. Nilinuna hata nyumbani nikanunia mbuzi.

Jaribio lililofuata, Mshirazi aliamka, akaunguruma vizuri, kisha akakohoa, akafa. Injini ile ina matangi mawili ya mafuta na mpini mmoja wa kuchagua. Mpini ulielekezwa kwenye tangi tupu. Hapo Bi Mhandisi Mahrokh, mkuu wetu, akasema basi, leo anashuka mwenyewe. Huyu ni mwanamke wa Yazd, na maneno yake huyatoa kwa kipimo, kama anayeuza zafarani. Akafika mlangoni, akawakuta wakwe wamesimama wakiapiana kwa roho za watoto. Akangoja. Akaendelea kungoja. Walipoingia hatimaye, ubavu kwa ubavu, wamekwama kidogo, akawafuata akakaa juu ya sanduku la spana.

"Heybat, mpini wa tangi nani aliuweka?"

"Alamdar, Bi Mhandisi. Na kazi ya Alamdar haina haja ya kukaguliwa."

"Uliugusa?"

Heybat akatazama viatu vyake. "Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Nilidhani umeelekea tangi tupu. Sikutaka kumwaibisha mtu na umri wake. Watu walipokwenda kuswali nikarudi, nikaugeuza."

Alamdar akashika kichwa. "Na mimi nikarudi baada ya swala," akasema polepole. "Nilikuta umegeuzwa. Nikajua mkwe wangu kapitiwa. Nikaugeuza tena, nisimwaibishe."

Bi Mhandisi alijifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na mimi nikaangua kicheko, na wao wawili wakasimama pale na nyuso zao za msibani. Alipomaliza akafuta macho, na kicheko kikawa kimekwisha kabisa.

"Jumba hili lina mitungi miwili ya hewa," akasema. "Matangi mawili, pampu mbili, mafundi wawili. Kila kitu viwili viwili, ili kimoja kikikosea cha pili kikamate. Ninyi mmegeuka mtu mmoja, na huyo mmoja hakaguliwi na yeyote. Mngetukanana ningelala. Sasa silali." Akasimama. "Kosa la tatu nawatenganisha. Mmoja anabaki, mmoja anakwenda ghala la vipuri."

Akaondoka, na jumba likawa zito. Sote watatu tulijua maana yake. Mji wetu ni mdogo. Mmoja akipelekwa ghala, kabla jua halijazama watakuwa wakisema fulani kamkataa mkwe wake kazini, na Mama Behruz atasimama na baibui lake, na safari hii hata imamu hatamrudisha. Heybat akisema neno, amevunja kiapo. Asiposema, dizeli inakosea, na harusi inavunjika vilevile.

"Darvish," akaniambia kwenye chai, "nifanye nini?"

"Mwambie makosa yake. Kwa upole."

"Upole gani? Mimi kosa nalijua kulisema kwa njia moja tu."

"Basi tufanye mazoezi. Mimi ndiye Alamdar. Nimeacha valvu wazi. Nambie."

Akajikuna. Akavuta pumzi. "Ndugu yangu mpendwa," akasema, "nuru ya macho yangu, Mungu akuzidishie..." Akakwama. Mishipa ya shingo ikamtoka. "Punda!"

"Ebo! Umeanza vizuri."

"Siwezi, Darvish. Mdomo wangu una barabara mbili tu, na zote mbili zina mashimo."

Ikawa hivyo hadi siku ya harusi yenyewe, Alhamisi, katika zile siku ambazo hewa yetu huwa nzito kama taulo lililolowa. Sherehe ilikuwa jioni nyumbani kwa Heybat. Wote wawili waliomba ruhusa ya kutoka mchana, na asubuhi walikuja kumaliza kazi moja ndogo: kutoa maji yaliyojikusanya ndani ya mitungi ya hewa ya Mwabadani. Mshirazi alikuwa amefunguliwa kichwa, vyuma vyake vimelazwa sakafuni kwenye turubai, kwa hiyo siku ile tegemeo letu lilikuwa Mwabadani peke yake. Alamdar ndiye mtendaji. Heybat ndiye mhakiki.

Nje, vumbi lilikuwa limeingia tangu alfajiri, lile la rangi ya manjano linalotoka magharibi. Vumbi peke yake si neno. Likikutana na unyevu, linageuka tope jembamba kwenye vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya za gridi, na umeme unatafuta njia ya kuruka. Kila mtu wa pwani anajua. Mimi nilikuwa kwenye paneli, nimewapa mgongo, nasoma betri zangu.

Nikasikia nyayo za Heybat zikipita polepole kwenye mabomba, zikasimama. Nikageuza shingo. Alikuwa ameweka mikono nyuma, kwa heshima, anatazama mpini wa valvu ya hewa. Baadaye nilijua kwamba mpini ulikuwa umelala kukatisha bomba. Umefungwa, yaani. Alamdar alikuwa pale kando, kashika boksi la peremende za harusi, anatabasamu kama mtoto.

"Mkwe wangu," akaanza Heybat, "Mungu asiikaushe mikono yako."

"Nawe Mungu akupe umri mrefu."

"Nilikuwa napita tu. Na macho yangu haya ya uzee si ya kuaminika..."

"Macho yako ni taa zetu, mkwe."

"Nikawaza, pengine, kwa bahati mbaya, na kosa ni langu kwa hata kuwaza..."

"Waza, mkwe wangu. Mawazo yako ni dhahabu. Chukua peremende."

"Kwanza wewe."

"Haiwezekani."

Taa zikazimika.

Zile ndogo nyekundu zikawaka, za betri zangu, Mungu azibariki. King'ora kikaanza. Sote watatu tukageuza macho kwa Mwabadani na kungoja. Relei, zile swichi za kuamsha injini, zikalia tak, tak. Mwabadani hakufanya chochote. Mbali, upande wa pili wa kituo, tukasikia dizeli za jumba lingine zikiamka vizuri, na yetu imekaa kimya, na kwenye paneli taa ya hitilafu ikaanza kunikonyeza. Nikaisoma mara mbili. Nimefanya kazi pale miaka mingi, na kimya kama kile, gridi ikiwa imekufa, sikuwahi kukisikia.

Ndipo Heybat alipopasuka.

"ALAMDAR! PUNDA WEWE! UMEFUNGA HEWA!"

Alamdar aliruka, peremende zikamwagika sakafu nzima. Akalala juu ya mpini kwa uzito wake wote, ukageuka. Mimi nikafuta hitilafu, nikabonyeza. Hewa ikapiga mluzi kwenye mabomba, Mwabadani akavuta pumzi, akatingisha sakafu, akaunguruma. Sindano zikapanda. Pampu moja ikashika, ya pili ikashika. Nikarudi kwenye paneli, nikasoma betri zangu.

Lakini Heybat hakunyamaza. Kipindi kizima cha uchumba kilikuwa kimejaa kifuani mwake, na kizibo kilikuwa kimetoka. Alisimama uso kwa uso na mkwe wake, chini ya ngurumo ile, akafungua kinywa na kukifunga, akirusha mikono, na ingawa sikusikia neno, niliona "punda" akipita mara nyingi, na "ngamia", na jambo fulani kuhusu suruali. Alamdar alimtazama tu. Uso wake sikuweza kuusoma. Hakujibu lolote, na Alamdar asiyejibu tusi la Heybat ni kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Gridi iliporudi na Mwabadani alipopumzishwa, Bi Mhandisi alikuwa amefika, kajaa vumbi hadi kwenye kope.

"Imechelewa," akasema. "Kwa nini?"

"Alamdar alifunga hewa," akasema Heybat, kainamisha kichwa. "Niliona. Nikawa bado namsalimia."

"Na hilo ndilo kosa la tatu." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Leo ni harusi. Nitasema neno langu Jumamosi."

Alamdar akachukua koti lake kwenye msumari. Akatoka bila kuaga. Akatoka wa kwanza, bila "tafadhali", bila kugeuka nyuma. Heybat alibaki akiokota peremende sakafuni, moja moja.

Nilimsindikiza hadi nyumbani, maana peke yake asingefika. Nargol alitoka uani, nywele nusu zimesukwa, nusu zimening'inia, akamwona baba yake, akajua.

"Umemwambia nini?"

"Punda."

"Punda tu, au na mengine?"

"Na mengine."

"Mangapi?"

"Injini ilikuwa inanguruma, mwanangu. Sikuhesabu."

Nargol akakaa kwenye kile kigoda cha kiapo. Machozi yakamtoka na kuharibu wanja. Heybat akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja dirisha la watu. Mwishowe binti akauliza, sauti ndogo:

"Iliamka?"

"Iliamka."

"Na usingesema?"

"Isingeamka."

Akafuta uso kwa mkono. "Basi," akasema. "Nenda kavae suti, baba. Wasipokuja tutakula wenyewe." Akaingia ndani, na nikasikia analia tena, kwa sauti.

Jioni mji ulikuwa bado hauna umeme. Nyaya za kituo zilirudishwa kwanza, mitaa ikaachwa baadaye. Heybat alikuwa amekodi jenereta ndogo kwa ajili ya taa na muziki, akaiweka kwenye kichochoro nyuma ya nyumba, na kwa akili aliyokuwa nayo siku ile aliiunganisha peke yake na hakumwita mtu wa kuhakiki. Wageni walikwisha kaa kwenye mazulia, Bi Mhandisi Mahrokh akiwa kati yao na zawadi yake mapajani. Mchuzi wa samaki wa ukwaju ulikuwa tayari. Jua likazama. Heybat akaenda kichochoroni, akavuta kamba. Hakuna. Akavuta tena. Akavuta mpaka kwapa la suti likachanika. Akarudi amelowa jasho, na watu wakaanza kunong'ona kwenye giza, wengine wakicheka: fundi wa nyuklia kashindwa na jenereta ya kukodi!

Upande wa bwana harusi ulikuwa haujafika. Sote tulisikiliza barabara. Mke wa Heybat alikuwa ameshika tasbihi na haisogei.

Kisha zumari la mfuko wa ngozi likasikika mbali, na ngoma, na vigelegele. Walikuja! Behruz mbele, uso unang'aa, Mama Behruz nyuma yake na baibui lake na uso wake uleule. Tukahesabu kwa macho. Alamdar hakuwepo.

"Mzee yuko wapi?" akauliza Heybat.

Mama Behruz akafungua mdomo. Kabla hajasema, kutoka kichochoroni nyuma ya nyumba ikapanda sauti, kubwa, ya kutosha mtaa mzima:

"HEYBAAAT! PUNDA WEWE! UMEFUNGA MAFUTA!"

Zumari likanyamaza. Nargol, ndani ya shela lake, akashika mkono wa mama yake. Shangazi mmoja wa upande wetu akaanza kutafuta viatu. Macho yote yakamgeukia Mama Behruz, na mimi nikasema moyoni, kwisha, sasa anasimama.

Alikuwa amekwisha simama, bila shaka, ndiyo kwanza anaingia. Akaketi.

"Alhamdulillahi," akasema, akijipepea. "Tangu tuposane huyu mume wangu halali. Ati Heybat kamchoka, hamwambii kitu, anampa tu tafadhali na ahsante kama mtu wa benki. Leo kaitwa punda, karudi nyumbani, kajifungia chumbani. Nikadhani mgonjwa, kumbe analia kwa furaha, mzee mzima. Nileteeni chai."

Heybat hakungoja. Alikimbia kichochoroni na suti yake iliyochanika, na sisi tukamfuata. Alamdar alikuwa amechuchumaa kando ya jenereta, kaelekeza kidole kwenye mpini wa mafuta. Hakuja na msafara. Alikuwa amepita njia ya nyuma peke yake, akaona giza, akaanza kukagua kazi ya mkwe wake tangu mwanzo, kwa mkono wake, kitu kimoja kimoja.

"Na moshi umeuelekeza jikoni," akasema bila kusalimia. "Unataka kuwakausha wapishi, tende bovu we?"

Heybat akamsogelea. Akainama, akafungua mafuta.

"Umefungua?"

"Nimefungua."

"Sikuamini," akasema Alamdar. Akanyoosha mkono, akashika ule mpini mwenyewe kwenye giza, akaupima, akaridhika. "Vuta kamba."

Kamba ikavutwa, taa zikawaka uani, na vigelegele vikapasua anga. Bi Mhandisi, aliyekuwa kasimama nyuma yangu, akasema polepole kwamba ghala la vipuri litatafutiwa mtu mwingine. Heybat hakumsikia. Alikuwa amesimama palepale kando ya jenereta, machozi yanashuka kwenye masharubu, anamvuta shati kila anayepita.

"Umemsikia?" alikuwa anatuuliza. "Amesema haniamini. Umemsikia?"